Usisemee Sahani Iliyo Wazi

Jumanne sahani ya Polepole ilikuwa safi. Jumatano iliota vidole sita.

Sita, si vitano. Mtu mwenye vidole sita mkono mmoja hajifichi, mtaa mzima utamjua. Polepole alikuwa na vitano tu, tena vyembamba, na ni hivyo vitano alivyovigandamiza juu ya jeli siku ya Jumatatu mbele ya darasa zima. Cha sita kilitoka wapi? Hilo ndilo swali alilojiuliza dada yake, amesimama peke yake mbele ya kabati la joto saa moja na nusu asubuhi, kabla wenzake hawajafika. Na jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu jana. Ila mtu akijua jibu na halimpendezi, huuliza tena.

Tuanze na hao ndugu wawili.

Baba mmoja, mama wawili. Mkubwa alimzidi mdogo miezi minne, na miezi minne si umri, ni mama mmoja kumuwahi mwenzake. Walipimwa urefu kwa mkaa kwenye fremu ya mlango mmoja, mama huyu amesimama kushoto na yule kulia, kila mmoja akichunga mwana wa mwenzake asiinue visigino. Mkubwa akaitwa Nambawani, kwa sababu tangu darasa la kwanza hakuwahi kushika namba mbili. Mdogo akaitwa Polepole kwa jinsi alivyokuwa: alikula polepole, akajibu polepole, akafunga kamba za viatu kama anatarizi. Nambawani alimpenda sana mdogo wake. Ni rahisi kumpenda mtu aliye nyuma yako.

Wakaingia chuo cha udaktari mwaka mmoja, wakakaa kwa shangazi yao, chumba kimoja, vitanda viwili. Nambawani alipita kwa alama za juu. Polepole alipita kama anayeponyoka kwenye mlango unaofungwa. Baba yao akawanunulia kile kifaa cha kusikilizia moyo, kimoja kwa watu wawili. Mwanamume wa wake wawili, na bado hajajifunza! Basi kila jioni walipokezana. Huyu anakaa kitandani, yule anamsikiliza kifua, kisha wanabadilishana. Polepole alipenda kusikiliza kwa muda mrefu mpaka Nambawani amkemee: "We, moyo ni mmoja, hauna sura ya pili!"

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vitabu, na Nambawani alilala usingizi mnono. Mwaka wa pili wakaingia maabara ya vijidudu.

Sasa maabara haitaki kichwa tu, inataka na mkono. Kuna visahani vya kioo vyenye mifuniko, ndani yake jeli, chakula cha vijidudu. Unachoma kitanzi cha waya kwenye moto mpaka kiwe chekundu, unakipoza, unachota kijidudu usichokiona, unachora mistari juu ya jeli kwa wepesi, kama unayempangusa mtoto mchanga jicho. Ukikandamiza, jeli inachanika. Ukitetemeka, mistari inagongana na kila kitu kinaota kwa pamoja kama magugu. Nambawani alijua jina la kila kijidudu, la kwake na la ukoo wake, na mkono ukatetemeka vilevile. Polepole majina yalimpotea njiani, lakini mkono wake ulitua kama inzi anayetembea juu ya maziwa bila kuzama.

Mwalimu wa maabara waliyemwita Miwani Mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, aliwaambia siku ya kwanza: "Jina linaandikwa chini ya sahani, si juu ya mfuniko, maana mfuniko hauna uaminifu, unakwenda na yeyote. Sahani inalazwa kifudifudi. Na hili sirudii: hatuongei juu ya sahani iliyo wazi. Pumzi ina mate, mate yana wageni. Ukiisemea sahani leo, kesho itakujibu."

Darasa likacheka. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo ambaye hakucheka. Huyo alikuwa Mama Mvuke. Kazi yake ilikuwa mtungi mkubwa wa chuma, wenye mvuke mkali wa kuua kila kitu ambacho wanafunzi wameotesha. Miaka thelathini aliifanya kazi hiyo. Shule yake iliishia kwenye kusoma saa na geji, kile kipimo cha mvuke.

"Warudie, mwalimu," alisema.

"Nimesema sirudii, mama."

"Basi nitarudia mimi. Msisemee sahani. Si kila mgeni anakuja kwa mate."

Wakacheka zaidi.

Mwisho wa muhula kulikuwa na mtihani wa mkono. Mmoja tu, mwenye mkono safi kuliko wote, angechukuliwa na Miwani Mbili kuwa msaidizi wake kwenye maabara kuu ya hospitali. Nafasi moja. Nambawani hakuwahi kusikia habari ya nafasi moja bila kujua ni ya nani.

Jumatatu hiyo wakafundishwa kunawa. Usicheke, watu wazima hawajui kunawa. Kila mwanafunzi aligandamiza vidole vitano vichafu kwenye nusu ya sahani, akaenda kunawa kwa sabuni, akagandamiza vidole vilevile kwenye nusu ya pili. Sahani zikalala kwenye kabati la joto. Jumanne zikafunguliwa. Nusu safi ya Nambawani ilikuwa na mabaka matano manene kama dengu zilizolowekwa. Nusu safi ya Polepole haikuwa na kitu. Jeli tupu, inang'aa.

Miwani Mbili aliinyanyua juu. "Njooni muone mkono! Huu ndio mkono wa daktari. Mkono kama huu nimeuona mara mbili maishani, na mara ya kwanza ulikuwa wangu." Kisha, kwa uzembe wa watu wenye elimu wasioangalia nani amesimama karibu, akachukua sahani ya Nambawani akaiweka kando yake. "Na hii ndiyo tusiyoitaka."

Nambawani akacheka na wenzake. Alicheka vizuri kuliko wote.

Saa kumi wengine walipoondoka, alirudi. Sahani za siku hiyo zilikuwa kwenye ndoo zikisubiri mvuke. Akaitafuta ya Polepole akaipata. Alichokusudia kilikuwa kidogo na cha kitoto: airudishe kwenye joto usiku mmoja zaidi, ichafuke, kesho amwonyeshe mwalimu kwamba usafi wenyewe ni wa siku moja. Ili ichafuke haraka akaifungua mfuniko, akainama, akaipulizia. Na alipokwisha kuipulizia, pumzi ikaja na maneno aliyokuwa ameyameza tangu asubuhi, au tangu ile fremu ya mlango.

"Mkono huu ungekuwa wangu," alisema juu ya sahani iliyo wazi. "Wangu. Wangu peke yangu."

Jeli ikafanya ukungu, kama kioo kilichohemewa. Akafunika, akailaza kifudifudi kwenye kabati la joto, akaenda zake.

Asubuhi akaikuta imelala chali. Na hapo ndipo tulipoanzia.

Vidole sita, vya kijani kibichi, vimetandaa kwenye ile nusu safi kama mkono unaosukuma mlango kutoka upande wa pili. Harufu ikapanda kabla hajafungua: zabibu, zabibu mbivu zilizoiva kupita kiasi. Alitaka kuitupa. Akaishika kwa mkono wa kulia, na mkono, uliotetemeka tangu siku ya kwanza, ukatulia. Ukatulia tuli, kama mbwa aliyeambiwa kaa.

Darasani siku hiyo Nambawani alichora mistari iliyonyooka kama mistari ya daftari. Miwani Mbili alishusha miwani ya paji kuiweka juu ya ile ya macho. Upande wa pili wa meza waya ulianguka. Polepole alikuwa akiutazama mkono wake.

"Dada," alinong'ona, "mkono wangu umekufa ganzi."

"Umeulalia."

"Sikuulalia."

"Basi utapona."

Nambawani akaificha ile sahani nyuma kabisa ya kabati la joto, chini yake akaandika jina lake mwenyewe.

Wiki mbili zikapita, na wiki mbili ni nyingi kwa mtu anayepata alichokitaka. Mkono wa Nambawani ukawa habari ya chuo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuja kuutazama. Nyumbani Polepole alidondosha kijiko, kisha kikombe, kisha shangazi akaanza kumfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi. Wakampeleka hospitali. Wakampiga picha, wakamgonga goti, wakasema hawaoni kitu. Mkono ulikuwa wa baridi tu, na mweupe kwenye ncha za vidole kama uliolala kwenye maji.

Polepole akamwambia dada yake, bila ubaya wowote, "Angalau umebaki wewe. Nifundishe kushika kwa kushoto."

Nambawani akamfundisha. Alikuwa mwema sana siku hizo. Mtu akishakunyang'anya, huwa mwema.

Lakini kitu kilichoitwa kwa wivu kina tabia ya aliyekiita. Kwanza ule mkono ukakataa kusalimiana. Akinyoosha kumpa mtu, vidole vinajikunja vyenyewe. Kisha shangazi, mwanamke wa mzaha na mikono mizito, akamshika mkono mezani akisema, "Hebu nione huu mkono wa dhahabu, tuuweke rehani." Mkono ukamkaba vidole. Ulikaba na kukaba, shangazi akicheka, kisha akisema basi mwanangu, kisha akilia, na ulipoachia, pete yake ya ndoa ilikuwa imepinda na kuzama ndani ya nyama.

"Una nini wewe?" shangazi alisema, akirudi nyuma na kiti. "Nimekukosea nini?"

"Sikufanya mimi, shangazi."

"Nani basi? Huo mkono umeuazima?"

Nambawani aliuficha mkono chini ya meza.

Kisha mkono wa kulia ukauonea wivu mkono wa kushoto. Ndiyo. Akiandika kwa kulia, kushoto ukigusa karatasi kuishika isiteleze, kulia unaacha kalamu na kuufinya. Akaanza kuamka na alama kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alizihesabu. Zilikuwa sita. Akavaa mikono mirefu, akajiambia mtihani ni Ijumaa, baada ya Ijumaa nitaona la kufanya. Alikuwa anaishi kwa kusubiri Ijumaa kama mgonjwa wa jino.

Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi aliamka kwa sauti ndogo, sauti anayoijua kila mwanafunzi wa maabara na isiyo na kazi chumbani kwa watu: ukwaruzo wa waya juu ya jeli, mwembamba, wenye subira, mistari kumi kwenda, kugeuza, mistari kumi kurudi, na alipofungua macho akajikuta hayuko kitandani kwake bali amepiga magoti sakafuni kando ya kitanda cha mdogo wake, na giza lote la chumba limejaa zabibu, na mkono wake wa kulia umenyooka mbele yake bila yeye kuunyoosha, ukucha wa kidole cha shahada unachora mistari juu ya ngozi ya shingo ya Polepole, kwa wepesi, bila kuchana, na ulipomaliza kuchora ukageuka, ukatandaza vidole, ukavigandamiza taratibu kwenye koo, kimoja kimoja, hivyo hivyo walivyofundishwa siku ya kunawa, ukavigandamiza na kusubiri, kama unaotaka kuona asubuhi kutaota nini.

Polepole alikuwa macho. Macho yake yalikuwa wazi yakitazama dari.

"Dada," alinong'ona, "mbona unanishika?"

"Lala. Ulikuwa unaota."

"Mkono wako wa baridi." Akameza mate, na Nambawani akasikia koo likipita chini ya vidole. "Hapana. Huu si mkono wako. Huu ni wangu. Naujua."

Nambawani akaung'oa kwa mkono wa kushoto, akaukalia mpaka kunakucha.

Alhamisi asubuhi Polepole alikwenda chuo na kitambaa shingoni. Mama Mvuke aliwakuta kwenye korido. Alipokea shikamoo zao bila kuitika, akanusa, mara moja, mara mbili, akanyoosha mkono akashusha kile kitambaa. Madoa sita ya kijani.

"Wewe nenda darasani," alimwambia Polepole. Akamshika Nambawani bega la kushoto, akamwingiza kwenye chumba cha mtungi, akafunga mlango.

"Uliisemea sahani."

"Mama, mimi..."

"Sikuuliza. Ulisema nini? Neno kwa neno."

Nambawani akayasema. Alitarajia mama yule aruke, alie, aite watu. Mama Mvuke alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapumua kama mtu aliyeletewa nguo chafu Jumamosi jioni.

"Wangu peke yangu," alirudia. "Mngekuwa mnaomba vitu vya maana, angalau ningeona faida. Sikiliza. Jini havunji mlango. Ni kama hivyo vijidudu vyenu, viko hewani siku zote, vinasubiri chakula na joto. Wewe umempikia, ukamtandikia. Sasa amekula mkono wa mwenzako, anakula wa kwako, na leo ameonja shingo."

"Anatolewaje?"

"Aliingia kwa neno, atatoka kwa neno. Saa kumi unakuja na sahani, na mwenye mkono awepo, asikie kwa masikio yake. Unaifungua, unamwambia ukweli juu yake, unarudisha. Kisha naichemsha. Na si sahani tu. Uzao wake wote. Kitanzi kilichougusa, glavu, tone lililodondoka mezani. Kikibaki hata kiasi cha kichwa cha sindano, umefanya kazi bure."

"Mama, mtihani ni kesho. Naomba iwe kesho saa kumi."

Mama Mvuke akainuka kwenye ndoo. "Kesho saa kumi mdogo wako atakuwa na shingo?"

"Basi leo," alisema Nambawani.

Na hapa ingefaa hadithi iishe vizuri, ila kulikuwa na saa ya chakula cha mchana katikati.

Miwani Mbili alikuwa amewafundisha kupandikiza. Kijidudu ukikitaka kesho, unachota kidogo kwa kitanzi, unakitia kwenye kichupa chembamba chenye jeli, unaziba kwa pamba, unaweka akiba. Cha kwanza kikifa, uzao unaendelea. Saa saba mchana maabara ilikuwa tupu. Nambawani akachoma kitanzi, akakipoza, akachota kwenye kidole cha sita, akapandikiza. Wapo watakaosema mkono ndio ulifanya. Tusidanganyane. Mkono ulifanya, na yeye alishika kichupa kwa kushoto. Joto linalopendwa na vijidudu vya watu ni joto la mwili wa mtu, basi akakitia kichupa ndani ya sidiria, upande wa moyo. Ni akiba tu, alijiambia. Hatakifungua. Mtu haweki akiba ya asichokusudia kukila.

Saa kumi wakawa watatu chumba cha mtungi. Nambawani akafungua sahani. Vidole sita vilikuwa vimejaa mpaka ukingoni. Akainama, na mbele ya mdogo wake akasema:

"Mkono huu si wangu. Ni wa mdogo wangu. Nilimwonea wivu nikausemea. Naurudisha."

Polepole alikuwa akisikiliza polepole, kama kawaida yake, na ilionekana maneno yanamfikia moja moja.

Mama Mvuke akafunika sahani, akaitia kwenye mfuko, na kitanzi, na glavu. Akabandika juu yake kipande cha utepe wenye mistari iliyopauka. "Mistari hii ikipata joto la kuua inakuwa myeusi. Isipokuwa myeusi, aliyemo ndani hajafa, hata geji iseme nini." Akauingiza mfuko, akafunga mtungi kwa makomeo yote, akawasha.

Geji ikapanda. Mtungi ukaanza kuguruma. Harufu ya zabibu ikawa ya zabibu zilizoungua. Kisha kukawa na kugonga, kutoka ndani, kwenye chuma. Ncha za vidole. Ko, ko, ko, ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko, ko, ko, ko. Kimya.

"Msihesabu," alisema Mama Mvuke. Walikuwa wameshahesabu.

Kugonga kukaenda haraka, kukaenda kwa hasira, kukawa kama mtu anayeulizia jina mlangoni, na mkono wa Nambawani ukarukaruka pajani pake kama samaki, na ghafla kukawa na mvuke tu. Dakika kumi na tano. Mtungi ukapoa, Mama Mvuke akafungua. Mistari ilikuwa myeusi tii.

Polepole alikunja vidole vyake. Akavikunjua. Damu ilikuwa imerudi kwenye ncha. Machozi yakamtoka, lakini hakumkumbatia dada yake wala hakusema amemsamehe. Alisema, "Nipe waya, nijaribu."

Mama Mvuke alikuwa akimtazama mkubwa. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, mama."

"Tazama macho yangu. Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Ijumaa wakafanya mtihani. Mkono wa Nambawani ulitetemeka kama zamani, jeli ikachanika mara mbili. Polepole alimaliza wa mwisho, Miwani Mbili akimsubiri na saa mkononi. Sahani zikalala, Jumamosi zikasomwa, na jina likatajwa. Lilikuwa la Polepole. Alama za zile wiki mbili zilimbeba Nambawani mpaka namba mbili, mara ya kwanza maishani, na watu wakampongeza. Hakuna tusi baya kuliko hilo.

Akapiga makofi. Akaenda msalani, akafunga mlango, akatoa kichupa kifuani. Safari hii angechagua maneno vizuri zaidi.

Pamba haikuwepo. Jeli haikuwepo. Kichupa kilikuwa kitupu na kikavu, kimerambwa. Akafungua vifungo vya blauzi akajitazama kwenye kioo. Chini ya titi la kushoto, juu ya moyo, kulikuwa na alama ya mkono wa kijani, vidole vimetandaa kama mkono unaosukuma mlango. Ila safari hii ulikuwa umeshafungua. Alama yenyewe ilikuwa ikififia mbele ya macho yake, ikizama ndani ya ngozi kidole kimoja baada ya kingine, mpaka hakuna kitu. Ngozi tupu, inang'aa.

Jioni shangazi alikaa mbali naye mezani, kidole kimefungwa bendeji. Alinusa hewa. "Mmenunua zabibu mkanificha? Watu wa nyumba hii wachoyo."

Polepole aliacha kutafuna.

Chumbani alichukua kile kifaa cha kusikilizia moyo. Ilikuwa siku ya tano hawajasikilizana. "Kaa, dada," alisema. "Leo zamu yangu."

"Nimechoka."

"Kaa."

Nambawani akakaa kitandani. Polepole akatia vifaa masikioni, akaweka kile chuma baridi juu ya kifua cha dada yake, kwa ule mkono wake mwepesi, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, na leo hakuna aliyemkemea. Moyo wa mtu hupiga mapigo mawili mawili, mtoto mdogo anajua. Polepole midomo ikamtikisika kidogo. Alikuwa akihesabu. Akafika sita, akangoja kimya kipite. Akafika sita tena.

Akavitoa masikioni taratibu. Akasogea nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Dada," alinong'ona. "Mama Mvuke alikuuliza mara mbili. Ulimwambia ndiyo yote?"

Nambawani alifungua mdomo amjibu, na harufu ya zabibu ikatangulia.